Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Huduma ya Tiba ya Kanisa na Watu Wake, 1893 hadi Leo

UTANGULIZI

Usharika unapoadhimisha Jubilei ya miaka 100, ni desturi njema kuwakumbuka wachungaji na wainjilisti waliotumika, kuhesabu majengo yaliyojengwa na kutaja idadi ya waliobatizwa. Lakini ipo kazi nyingine iliyotembea pamoja na Injili tangu siku za mwanzo, nayo ni kazi ya kutibu wagonjwa. Wakristo wa Kilutheri wa nchi hii wamezoea tangu zamani kuona kanisa, shule na nyumba ya dawa vikisimama karibu karibu, kama ndugu wa tumbo moja.

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika huduma ya tiba mithali hii ilitimia kama ilivyo. Wageni walikuja kutoka Ujerumani, Marekani, Sweden, Norway na kwingineko, wengi wao wakiwa wamejitolea kuacha kwao, na wenyeji wakapona. Hata hivyo, habari za misioni ziliandikwa kwa sehemu kubwa huko ng'ambo, kwa ajili ya waliotoa sadaka huko. Ndiyo sababu daktari aliyetoka mbali alitajwa kwa jina na kuwekwa katika picha, na yule mwenyeji aliyeshika taa, aliyefasiri maneno ya mgonjwa, aliyekesha usiku na kubaki baada ya daktari kuondoka, mara nyingi aliitwa tu "msaidizi".

Sura hii inakusudia kuwatazama wote wawili. Njia mojawapo ya kupima kazi yao ni kuangalia kilichotokea wageni walipoondoka. Katika kipindi cha miaka zaidi ya 100 jambo hilo limetokea mara tatu: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati wa Vita vya Pili, na mwaka 2020. Kila mara Kanisa lilifunuliwa udhaifu wake, na kila mara lilijifunza jambo jipya.

DAWA NA INJILI VYAINGIA PAMOJA

Wamisionari wa Kilutheri na wenzao wa Kijerumani walifika kwa njia mbalimbali. Walioanza ni wale wa Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 wengine walifika Mlalo katika milima ya Usambara, na mwaka huohuo Misioni ya Berlin ikaanza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1893 Misioni ya Leipzig ilifungua kituo Machame, baada ya Waanglikana wa CMS kulazimika kuondoka Moshi mwaka uliotangulia.

Wengi wa watu hawa hawakuwa madaktari. Walikuwa wahubiri waliopata mafunzo machache ya kufunga vidonda na kugawa kwinini. Lakini mara walipojenga kibanda cha kwanza, wagonjwa walikuja. Walikuja wenye homa ya malaria, wenye vidonda ndugu vilivyokula nyama mpaka mfupa, wenye buba, wenye ndui. Katika miaka hiyo ya 1890 funza nao walikuwa wageni katika Afrika Mashariki, kwa kuwa walivuka bara kutokea pwani ya magharibi, na watu wengi walipoteza vidole vya miguu kabla ya kujifunza namna ya kuwatoa. Mhubiri aliyejiandaa kwa mahubiri ya Jumapili alijikuta akiosha miguu ya watu siku sita za juma.

Hatua kwa hatua kazi hii ilipata sura ya kudumu. Mwaka 1896 kilianzishwa kituo cha Lutindi, Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye kikawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Misioni ya Leipzig ilikuwa na daktari wake Machame. Huko Ujerumani, mwaka 1906, ilianzishwa Taasisi ya Tiba ya Misioni mjini Tübingen, iwaandae watu kwa kazi hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wageni waliikuta nchi isiyojua kuuguza. Palikuwa na wakunga wenye mikono mizuri, palikuwa na waunga mifupa, na palikuwa na ujuzi wa mitishamba uliorithiwa vizazi na vizazi. Zaidi ya hayo palikuwa na jamaa. Mgonjwa hakuachwa peke yake. Aliyemchukua mabegani ndiye aliyempikia na kumgeuza usiku. Bruno Gutmann, aliyetumika kati ya Wachagga tangu mwaka 1902 hadi 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa ambavyo Injili haikuja kuvivunja. Hospitali za misioni zilijifunza jambo hilo kwa vitendo. Zilipotaka mgonjwa alale peke yake kama ilivyokuwa Ulaya, watu walisita kuja. Jamaa waliporuhusiwa kupika na kulala karibu, wodi zilijaa.

MTU ALIYESIMAMA KATIKATI

Kati ya daktari mgeni na mgonjwa alisimama mtu wa tatu. Hapo awali aliitwa dresa, yaani mfunga vidonda. Wengine walianza kama wapishi, watunza bustani au wanafunzi wa shule ya misioni. Alfajiri alifagia, akawasha moto na kuchemsha vyombo. Kisha aliandika majina, akapanga wagonjwa, akaosha vidonda na kufunga bandeji. Jioni alikwenda vijijini kuwatafuta walioacha dawa katikati.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya ulimi na sikio. Mama aliposema ana "mchango", daktari mgeni hakuweza kujua kama ni minyoo, au ugonjwa wa uzazi, au maumivu mengine ya tumbo, kwa kuwa neno hilo hubeba yote. Mtoto alipopatwa na degedege, wazazi wengi hawakuiona kama homa kali inayotibiwa hospitalini. Waliiona kuwa ni ugonjwa wa namna nyingine, wenye chanzo kingine na mganga mwingine. Daktari alijua kwamba mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, lakini elimu hiyo haikumfaa mtoto ambaye hakuletwa. Aliyeweza kuketi na bibi wa mtoto jikoni, akamsikiliza bila kumdharau, kisha akamshawishi amlete mjukuu hospitalini usiku huohuo, alikuwa ni mwenyeji. Hesabu ya watoto waliookolewa jikoni haimo katika daftari lolote.

Jambo hili halikuwa la Tanganyika peke yake. Daktari Albert Schweitzer, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri wa Alsace, alifika Lambaréné, katika nchi ambayo leo ni Gabon, mwaka 1913. Ulimwengu unamjua kwa jina, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Wachache wanamjua Joseph Azoawani, aliyekuwa mpishi, akawa mkalimani na msaidizi wake wa kwanza. Inasimuliwa kwamba Joseph alitaja viungo vya mwili wa mgonjwa kwa majina ya nyama aliyoyajua jikoni. Watu hucheka wanaposikia hayo. Lakini bila Joseph yule daktari msomi angesimama mbele ya wagonjwa kama bubu.

KUONDOKA KWA KWANZA

Mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Moshi. Kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamerudishwa kwao, isipokuwa wachache wasiokuwa raia wa Ujerumani. Mwaka 1922 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na Wajerumani walianza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925.

Katika miaka hiyo sharika hazikufa. Walimu Waafrika walishika ibada, mafundisho na shule. Walikuwa wameandaliwa: Misioni ya Leipzig ilikuwa imefundisha walimu tangu mapema, na chuo chao kilikuwa Marangu tangu mwaka 1912. Neno lilikuwa na watu wa kulishika.

Kwa upande wa tiba mambo hayakuwa hivyo. Mwalimu alikuwa amefundishwa kufundisha, lakini dresa alikuwa amefundishwa kusaidia tu. Alijua dawa ya kikohozi iko chupa gani, ila hakuruhusiwa kuamua nani aipewe. Hakuna aliyemwandaa kwa siku ambayo daktari hatakuwapo. Daktari alipopanda meli, elimu nyingi ilipanda naye. Ndiyo miaka ile ile ambapo mafua makali ya mwaka 1918 na 1919 yalipita katika nchi na kuua watu wengi.

Huko Lambaréné yalitokea yaleyale kwa namna iliyo wazi zaidi. Schweitzer, akihesabiwa kuwa Mjerumani, alichukuliwa mfungwa mwaka 1917 na kupelekwa Ufaransa. Aliporudi mwaka 1924 alikuta majengo yameoza na msitu umerudi, akaanza upya. Kazi iliyosimama juu ya mtu mmoja, hata awe mtu mkubwa namna gani, ilianguka alipotoka. Hilo si lawama kwa Schweitzer wala kwa madaktari wa Leipzig. Walifanya kazi ngumu kwa moyo, na wengine walizikwa katika udongo wa Afrika. Lakini ni kweli kwamba walikuwa wametibu watu wengi na kuwafundisha wachache.

KUONDOKA KWA PILI

Katika miaka ya 1920 na 1930 kazi ya tiba ilipanuka. Sindano za buba zilifanya jina la hospitali lisikike mbali. Mtu aliyekuwa amejaa vidonda mwili mzima aliweza kuona vikikauka baada ya muda mfupi, naye akarudi kijijini akiwa ushuhuda unaotembea. Tangu hapo wagonjwa wengi walidai sindano hata kwa ugonjwa usioihitaji, na desturi hiyo haijaisha mpaka leo.

Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza Waafrika wa Kanisa la kaskazini walibarikiwa. Kwa hiyo, Vita vya Pili vilipozuka Septemba 1939 na Wajerumani wakakamatwa tena, Kanisa lilikuwa na wachungaji wake. Wamarekani wa Augustana walibeba tena mzigo wa usimamizi kaskazini, na Waswidi wakaenda kusaidia Bukoba. Katika hospitali pia hali ilikuwa nafuu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa walikuwapo wasaidizi wenye ujuzi wa miaka mingi. Lakini daktari mwenyeji alikuwa bado adimu mno. Chuo cha Makerere nchini Uganda kilikuwa kimeanza kufundisha udaktari katika miaka ya 1920, ila Watanganyika waliofika huko walihesabika kwa vidole.

Baada ya vita ndipo mkazo ulipohamia kwenye kufundisha. Penisilini, dawa mpya za ukoma na upasuaji ulio salama zaidi vilihitaji wauguzi wenye elimu. Mfano mmoja unaokumbukwa kusini mwa nchi ni wa Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935 chini ya misioni ya Kianglikana. Huko Lulindi alianza na hospitali ya udongo na nyasi, akawafundisha vijana wa kijijini uuguzi mpaka wakafaulu. Hakurudi kwao. Alichaguliwa kuwa mbunge kuanzia mwaka 1958, akawa raia, na kutoka mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Huyo ni mgeni aliyekubali kuwa mwenyeji.

KUTOKA HOSPITALI YA MISIONI HADI HOSPITALI YA KANISA

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi wawili tu. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Hospitali zilizokuwa mali ya misioni za ng'ambo zikawa mali ya Kanisa la hapa. Kubadili maandishi langoni kulikuwa rahisi. Kupata watu wa kuziendesha ndiko kulikokuwa kugumu.

Askofu Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa Kanisa hilo, na wenzake waliona kwamba jibu ni hospitali inayotibu na kufundisha kwa pamoja. Kwa juhudi za Shirika la Msamaria Mwema na michango kutoka nchi nyingi, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwezi Machi 1971. Kwa miaka mingi iliendeshwa na Serikali, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 ikarudi mikononi mwa Shirika. Mwaka 1997 kikaanza chuo kikuu cha tiba mahali hapohapo. Kwingineko, hospitali kadhaa za Kanisa zilifanywa kuwa Hospitali Teule za Wilaya, zikihudumia raia wote kwa makubaliano na Serikali. Mwaka 1992 makanisa na Serikali waliweka makubaliano rasmi juu ya ushirikiano huo.

Katika kipindi hichohicho mawazo yalibadilika duniani. Mwaka 1964 Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Fungamano la Kilutheri la Dunia waliita mkutano Tübingen, ambao ulitamka kwamba kuponya ni kazi ya usharika wote wala si ya wataalamu peke yao. Mwaka 1968 ikaundwa Tume ya Kikristo ya Tiba, ambayo mawazo yake yalisaidia kuandaa njia ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliosisitiza afya ya msingi: maji safi, chanjo, lishe, uzazi salama na mhudumu wa afya kijijini. Yale ambayo dresa alikuwa akiyafanya jioni kwa miguu yake, bila kusifiwa, sasa yaliandikwa katika maazimio ya mataifa.

MGENI ANAYEFUNDISHA

Tofauti kati ya mgeni anayetibu na mgeni anayefundisha inaonekana vizuri katika mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa magonjwa ya ngozi. Wagonjwa wake ni wengi, na madaktari bingwa ni wachache. Mwaka 1992 kilifunguliwa katika eneo la KCMC kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kwa msaada wa wataalamu wa kimataifa. Kituo hicho hakikujengwa ili mabingwa wa Ulaya waje kutibu. Kilijengwa ili matabibu wa ngazi ya kati kutoka nchi mbalimbali za Afrika wasome miaka miwili na kurudi kwao. Walikuja kujifunza kutambua ukoma mapema, kutibu upele unaoenea katika kaya nzima, na kuwalinda watu wenye ualbino dhidi ya saratani ya ngozi. Mgeni aliyemfundisha tabibu mmoja wa aina hiyo amewatibu wagonjwa ambao hatawaona kamwe.

Mfano wa pili ni wa madaktari wasaidizi, ambao Tanzania ilianza kuwafundisha mwaka 1963. Hawa walikuwa matabibu wenye uzoefu walioongezewa masomo na kuruhusiwa kufanya upasuaji, pamoja na ule wa kumtoa mtoto tumboni. Wapo waliokuwa na shaka nao, wakiwamo baadhi ya madaktari wageni. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi ilifanywa na watu hawa, na kwamba matokeo ya kazi yao hayakutofautiana na ya madaktari wenye shahada. Akina mama wengi wa vijijini wanaishi leo kwa sababu usiku ule wa manane alikuwapo mtu mmoja aliyejua kushika kisu, naye hakuwa ametoka ng'ambo.

Haya hayapunguzi thamani ya waliotoka mbali. Hospitali ya Haydom huko Mbulu, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, na hospitali nyingine nyingi zisingekuwapo bila wao. Kinachoonekana ni kwamba kazi zilizodumu ni zile ambazo mgeni na mwenyeji walibadilishana kiti: aliyekuwa mwanafunzi akawa mkuu wa idara, na mgeni aliyefuata akafika kufanya kazi chini yake.

VIJANA WA KUJITOLEA NA KUONDOKA KWA TATU

Tangu miaka ya 1990 na kuendelea sura ya mgeni imebadilika. Zamani alikuja na masanduku kwa miaka mingi, akajifunza lugha, akazika na kuzaa hapa. Siku hizi wengi huja kwa majuma machache au mwaka mmoja: wanafunzi wa udaktari, wauguzi, vijana waliomaliza shule. Mwaka 2008 Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, ambao umeleta vijana wengi katika vituo vya Kanisa. Tangu mwaka 2013 mpango huo unapokea pia vijana kutoka kusini kwenda Ujerumani. Kwa hiyo binti wa Kitanzania anaweza kwenda kuwatunza wazee wa Kijerumani, naye akawa mgeni anayekuja ili mwenyeji apone.

Wageni hawa wa muda mfupi wameleta furaha na mahusiano mema kati ya sharika. Wameleta pia maswali. Muuguzi mkuu mwenye wagonjwa 40 wodini hulazimika kuacha kazi yake kumwelekeza kijana asiyejua Kiswahili, na kijana huyo anapoanza kufaa, muda wake umekwisha. Wapo wanafunzi walioombwa, au walioomba wenyewe, kufanya kwa wagonjwa wa hapa mambo ambayo kwao wasingeruhusiwa kuyagusa. Sheria ya nchi inamtaka daktari mgeni asajiliwe na Baraza la Madaktari kabla hajatibu. Kanisa halina budi kuwa la kwanza kuitii, kwa kuwa mwili wa maskini si daftari la mazoezi.

Kisha ukaja mwezi Machi 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea, Ujerumani iliwaita nyumbani vijana wote wa mpango wake waliokuwa duniani kote. Katika siku chache vyumba vyao vilibaki vitupu. Nani alibaki? Walibaki wauguzi, matabibu, wakunga, wafua nguo na wafagiaji. Walibaki na hofu zao, wakiwa na watoto nyumbani na barakoa za kuhesabu. Safari hii, kinyume cha mwaka 1920, elimu haikupanda ndege. Madaktari walikuwa wenyeji, na milango haikufungwa. Kwa upande wa watu, Kanisa lilikuwa limejibu swali lililoulizwa miaka 100 iliyotangulia.

Kwa upande wa fedha swali lingali linaulizwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vya Afrika vilivyohudumia watu wenye virusi vya UKIMWI vikatikiswa. Fedha nazo ni mgeni. Huja na huondoka. Na ziko hasara zinazotoka karibu zaidi: katika miaka ya 2000 Serikali ilipoajiri kwa wingi, wauguzi wengi waliacha hospitali za Kanisa kwa ajili ya mshahara na pensheni bora. Hawakukosa upendo. Walikuwa na karo za kulipa.

MAFUNZO KWA KARNE INAYOKUJA

Historia hii inaacha mafunzo machache kwa usharika na kwa wageni wake.

Kwanza, mgeni aje kwa kuitwa na mwenyeji. Hospitali iseme inahitaji nini, kwa muda gani, na mgeni atakuwa chini ya nani. Msaada usioombwa huweza kuwa mzigo kwa anayeupokea.

Pili, mgeni ajifunze lugha. Anayeweza kumwuliza mgonjwa amelalaje na kulielewa jibu amekwisha kuanza kutibu.

Tatu, mgeni aache mwanafunzi nyuma yake. Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa tiba ni kufundisha, na yeye mwenyewe kufundishwa.

Nne, usharika umtunze anayebaki. Ni rahisi kumfanyia karamu mgeni anayeondoka kesho, kumvika kitenge na kumwimbia. Muuguzi wa zahanati aliyetumika miaka 30 hustaafu kimya kimya. Kanisa lenye hospitali zaidi ya 20, na zahanati na vituo vya afya zaidi ya 100, linasimama juu ya watu hao. Kulipa mshahara wao kwa wakati na kuwapatia nyumba inayofaa ni sehemu ya udiakonia sawa na kugawa dawa. Vivyo hivyo kumsomesha kijana wa usharika uuguzi au utabibu ni sadaka yenye matunda ya muda mrefu kuliko ukuta wa tofali.

HITIMISHO

Mfano wa Msamaria Mwema umekuwa bendera ya tiba ya Kikristo mahali pote, na ndilo jina la shirika lililoijenga KCMC. Wahubiri hukazia, nao wana haki, juu ya yule msafiri aliyeona, akahurumia, akafunga jeraha na kumpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake. Lakini katika simulizi hilo la Mwinjili Luka yumo mtu mwingine. Kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili, akaagiza mgonjwa atunzwe, akaendelea na safari. Aliyemtunza tangu asubuhi ile, aliyembadilishia bandeji, aliyemlisha na kumsikiliza usiku, ni mwenye nyumba ya wageni. Hakutajwa jina wala kabila, na Maandiko hayasemi alishukuriwa.

Kanisa la Kilutheri Tanzania limewahi kuwa yule majeruhi kando ya njia, nalo linamshukuru Mungu kwa Wasamaria wengi waliosimama. Sasa limepewa kuwa mwenye nyumba. Wasamaria watazidi kupita, nao wakaribishwe kwa heshima. Dinari zao zipokelewe na kutolewa hesabu kwa uaminifu. Lakini katika sherehe hii ya miaka 100, majina ya madresa, wakunga, wauguzi, matabibu na wahudumu wa usharika na yaandikwe na kusomwa mbele ya madhabahu wakati wazee wanaowakumbuka wangali hai. Wengi wao hawakuandikwa na mtu. Bwana aliyepokea huduma yao katika miili ya wagonjwa anawajua kila mmoja kwa jina, na kwake yeye uwe utukufu.